Dorothy Ashby: Mwanamke Aliyekipeleka Kinubi Harusini

Wanachuo wenzangu, ukitaja kinubi hapa kwetu Mara, watu wengi wanamkumbuka mfalme Daudi wa kwenye Biblia, au malaika waliochorwa kwenye kadi za Krismasi. Akili haiendi kabisa kwenye muziki wa kucheza. Kumbe hata Marekani mambo yalikuwa hivyohivyo, mpaka dada mmoja mweusi wa Detroit alipoamua kwamba kinubi kitapiga jazi na watu watanyanyuka vitini. Jina lake ni Dorothy Ashby. Alifariki mwaka 1986, wengi wetu hata wazazi wetu walikuwa bado shuleni, lakini maisha yake yana kitu cha kutuambia sisi tunaosomea ualimu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno jazi. Kwa wazee wetu, jazi ni bendi ya dansi: Mara Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz, magitaa na tarumbeta hadi usiku wa manane. Jazi ya Detroit ni ndugu wa mbali. Ni muziki wa Wamarekani weusi ambao mpigaji anapewa wimbo, halafu anaubomoa na kuujenga upya palepale mbele ya watu. Sauti zinabadilika haraka, na ukichelewa kidogo tu wenzako wameshakuacha.

Dorothy alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, jina lake la kwao likiwa Dorothy Jeanne Thompson. Baba yake, Wiley Thompson, alikuwa mpiga gitaa la jazi, na rafiki zake wanamuziki walikuwa wakija kupiga nyumbani. Binti akiwa bado mdogo alikuwa anakaa kwenye piano na kuwasindikiza. Yaani darasa lake la kwanza lilikuwa sebuleni kwao.

Darasa la pili lilikuwa Cass Technical High School, shule ya serikali pale Detroit. Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Shule ile ilikuwa na vinubi, na ilikuwa inafundisha wanafunzi wake kuvipiga. Ala ambayo kwa bei yake ilikuwa ya matajiri, mtoto wa mpiga gitaa aliikuta shuleni. Baadaye akaenda chuo kikuu cha Wayne, hapohapo Detroit, akasoma piano na elimu ya muziki. Ndiyo, jamani, alisomea fani inayofanana na yetu.

Alipomaliza alianza kwa kupiga piano kwenye kumbi za mji wake. Lakini kufikia mwaka 1952 kinubi ndicho kilikuwa chombo chake kikuu, na shida ikaanzia hapo. Wanamuziki wenzake hawakukitaka. Kwao kinubi kilikuwa cha orkestra za Kizungu, chombo cha kupendezesha ukumbi, sauti laini mno isiyoweza kushindana na ngoma na saksafoni. Na mwenye kukipiga alikuwa mwanamke, tena mweusi. Mlango ulikuwa na kufuli zaidi ya moja.

Alifanya nini? Hakukaa kulalamika wala kungoja aitwe. Aliunda kundi lake la watu watatu, akaandaa maonesho ya bure, akapiga kwenye dansi na kwenye harusi. Hebu piga picha harusi ya Musoma mjini, MC ameshatangaza watu waingie kati, halafu anatokea dada anasukuma kinubi kirefu kama mtu mzima. Watu wangeguna! Lakini harusini hakuna anayekuonea huruma: wageni wakiboreka wanarudi kukaa. Dorothy alikubali kupimwa na watu wa namna hiyo. Wasikilizaji aliwatengeneza mwenyewe, mmojammoja, ndipo wenye studio wakamfuata.

Kazi yenyewe siyo ya mchezo. Kinubi kikubwa kina nyuzi 47 na kanyagio 7 chini. Kila kanyagio linashughulikia noti moja, na lina ngazi tatu za kuishusha au kuipandisha. Sasa kwa kuwa jazi inabadilika kila mara, miguu ya mpigaji haipumziki. Vidole vinafanya kazi yake juu, miguu yake chini, na kichwa kinatunga kitu kipya wakati huohuo. Wajaluo wa Rorya watanielewa haraka, maana mpiga nyatiti naye anavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo ala wakati mikono iko kwenye nyuzi.

Mwaka 1957 ikatoka santuri yake ya kwanza, The Jazz Harpist, akiwa na mpiga filimbi Frank Wess. Mwaka uliofuata zikafuata nyingine, mojawapo ni Hip Harp. Ukizisikiliza utaona kinubi hakijawekwa pale kama pambo. Kinabeba wimbo, kinajibizana na filimbi, na mahali pengine kinachapa mdundo kama gitaa la baba yake.

Miaka ya 1960 yeye na mume wake, John Ashby, aliyekuwa mpiga ngoma na mwandishi wa tamthilia, waliendesha kundi la maigizo pale Detroit, Ashby Players. John aliandika michezo kuhusu maisha ya watu weusi wa mji ule, Dorothy akatunga muziki wake. Alikuwa pia na kipindi cha redio. Mtu wa jukwaani, wa redioni na wa harusini, wote ni mmoja.

Mwaka 1968 alitoa Afro-Harping, santuri inayojulikana kuliko zote alizofanya. Mwaka 1970 ikaja nyingine iliyotokana na mashairi ya Mwajemi Omar Khayyam, na humo aliimba, akapiga kinubi, koto ya Kijapani na kalimba. Kalimba hiyo ni ndugu wa ilimba ya Wagogo wetu wa Dodoma. Ilimfikia hukohuko, naye akaipa nafasi karibu na kinubi bila kuionea aibu.

Baadaye walihamia California, akawa anaitwa studio kupiga kwenye nyimbo za wengine. Bill Withers alimtumia, kisha akamtaja kwa Stevie Wonder. Kwenye santuri kubwa ya Stevie ya mwaka 1976 kuna wimbo unaoitwa If It's Magic, na humo hakuna ngoma wala gitaa. Ni sauti ya Stevie, kinanda chake cha mdomo, na kinubi cha Dorothy. Chombo kilichoambiwa ni dhaifu kilibeba wimbo mzima mgongoni.

Saratani ilimchukua Aprili 1986, hajafika hata umri wa kustaafu. Kwa kazi aliyofanya, jina lake halikuwa kubwa kama lilivyostahili. Ila muziki wake haukuzikwa naye: watengenezaji wa hip hop waliokota vipande vyake na kujengea nyimbo zao, na mwaka 2023 mpiga kinubi Brandee Younger alitoa albamu nzima ya kumuenzi.

Ninapomfikiria Dorothy namfikiria pia Mwalimu Nyerere wa Butiama. Naye alimchukua Shakespeare, mali ya Waingereza, akamfanya azungumze Kiswahili. Wote wawili walitwaa kitu kilichosemekana si chao, wakakitumia kwa sauti yao, na kikawakubali.

Lakini kwetu Mara swali limegeuka. Litungu la Wakurya na nyatiti ya Wajaluo, ala za nyuzi 8 kila moja, ni zetu kabisa. Mbona tunaziona siku kiongozi anapokuja tu, kisha zinarudi kutundikwa ukutani? Wazee wanaozijua wanapungua. Na msichana, ambaye kwa desturi nyatiti haikuwa yake, atajifunzia wapi?

Dorothy alikikuta kinubi shuleni. Bila shule ile, kipaji chake pengine kingeishia kwenye piano ya sebuleni. Muda si mrefu tutatawanyika kwenda mazoezi ya kufundisha, wengine Bunda, wengine Butiama, wengine shule za ziwani kule Musoma vijijini. Spika tutazikuta, ngoma pia. Basi ulizia mzee mwenye litungu kijijini hapo, mwombe kwa heshima aje kipindi kimoja, na mtoto wa kike akitaka kuligusa, mwachie nafasi. Hatujui ni yupi kati yao atakayelipeleka harusini.