George Gallup, Mpima Maoni ya Watu

Nataka kuwasimulia maisha ya Bwana George Gallup, maana kazi yake inatufaa hata sisi wa Bukoba na Muleba.

Alizaliwa mwaka 1901 katika mji wa Jefferson, jimbo la Iowa, Marekani. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1928, akafundisha uandishi wa habari, na mwaka 1935 akaanzisha shirika la kupima maoni ya watu.

Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest lilipokea kwa posta majibu ya watu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon angemshinda Rais Roosevelt. Gallup aliuliza watu wachache mno kuliko hao, lakini aliwachagua wa mjini na wa shamba, matajiri na maskini. Akasema Roosevelt atashinda, na ndivyo ilivyokuwa. Apimaye kahawa hamwagi gunia zima. Huchota konzi ya juu, ya katikati na ya chini.

Lakini mwaka 1948 Gallup aliteleza. Aliona Dewey anaongoza, akaacha kuuliza siku nyingi kabla ya uchaguzi. Nyuma yake watu wakageuza nia, Truman akashinda. Tangu hapo alijua kwamba maoni hayalali mahali pamoja.

Faida ya kurudia swali lile lile ni hii. Mwaka 1945 Wamarekani 87 katika kila 100 waliridhika na kazi ya Rais Truman. Mwaka 1952 walibaki 22 tu. Angeuliza mara moja, asingeyaona mageuzi hayo. Na maneno ya swali yakibadilishwa, hatujui kilichogeuka ni watu au ni swali.

Hapa Kagera wataalamu walifanya kazi iliyo jirani na hiyo. Kati ya 1991 na 1994 walizihoji kaya zaidi ya 900 juu ya hali ya maisha, wakarudi mwaka 2004 na 2010, wakiwafuata hata waliohama. Gallup aliuliza watu wapya kila mara. Hawa waliwarudia wale wale.

Gallup alifariki Uswisi mwaka 1984. Nasi wanafunzi, tukitaka kujua mawazo ya wenzetu, tusiulize marafiki peke yao, wala tusitosheke na kuuliza mara moja.