Daktari Aliyewaacha Wanajeshi Waseme
Kwetu Buganguzi ukifiwa unaambiwa jikaze, yameshapita. Maofisa wa Kiingereza waliovurugwa akili na vita, vita ileile iliyofika Bukoba Juni 1915, nao walishauriwa wasahau tu. Usiku ndoto zikawaamsha wakipiga kelele. William Rivers, daktari aliyezaliwa 1864, aliwapokea hospitali ya Craiglockhart, Uskoti, kuanzia 1916. Hakuwakataza kukumbuka. Alikaa nao wakasimulia kidogo kidogo, mpaka kumbukumbu ikabebeka. Sio wote waliopona, na baadhi ya waliopata nafuu walirudishwa vitani. Rivers alifariki 1922. Mimi namkumbuka kwa hilo moja: kujikaza sio dawa. Mwanangu, kama kuna jambo linakunyima usingizi hapo bwenini, mtafute mshauri wa wanafunzi. Ongea.