ALAN TURING, MTU WA MTAMBO UNAOZUNGUMZA

Alan Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza huko India, kwa hivyo Alan na kaka yake John waliachwa Uingereza walelewe na watu baki.

Shuleni mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku mchangani, na walimu wa Kiingereza walimlalamikia sana. Hesabu ndiyo iliyokuwa raha yake. Mwaka 1926, siku aliyotakiwa kufika shule mpya ya Sherborne, wafanyakazi waligoma nchi nzima na treni hazikwenda. Kijana wa miaka 13 akapanda baiskeli, akaenda karibu kilomita 100, akilala njiani usiku mmoja. Sisi wa shule za kutwa tunaosingizia matatu, mpo?

Tena alikuwa na kigugumizi, kikamfuata hata ukubwani.

Mwaka 1936, akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliandika kuhusu mtambo wa kufikirika tu, unaosoma alama moja moja kwenye utepe na kufuata maagizo. Ukiubadilishia maagizo, unafanya kazi nyingine. Tarakilishi za leo zimesimama juu ya wazo hilo.

Vita vilipozuka mwaka 1939 alikwenda Bletchley Park kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani. Kazi ya namna hiyo ilifika hata Mombasa: mwaka 1942 wanamaji wa Uingereza waliichukua shule ya Allidina Visram, na wataalamu wao wakakaa humo wakifumbua siri za Wajapani. Turing mwenyewe hakuja.

Makala yake ninayoyapenda zaidi ni ya mwaka 1950. Watu walikuwa wakibishana kama mtambo waweza kufikiri. Yeye akaleta mchezo. Muulizaji anakaa chumba chake. Chumba kingine yupo mtu, na upo mtambo, na majibu yote huja kwa taipu. Muulizaji akishindwa kujua yupi ni yupi, mtambo umeshinda. Hapo sauti haisikiki wala sura haionekani, maneno tu ndiyo yanayopimwa. Mimi nadhani mwenye kigugumizi angeupenda mchezo huo.

Humo humo alimtaja Helen Keller wa Marekani, ambaye hakuona wala kusikia. Kwake Turing, bibi huyo alikuwa ushahidi kwamba mtu husoma, mradi pawe na njia yoyote ya mwalimu na mwanafunzi kuelewana. Hapa Bombolulu, ambapo karakana za walemavu zilianzishwa mwaka 1969, neno hilo si geni. Siku hizi mitambo inayojibu maswali ipo, hata ndani ya dunia za kubuni za tarakilishi. Mwanafunzi asiyeweza kupanda ngazi za maabara huzunguka humo atakavyo, akauliza swali moja mara kumi, na hakuna wa kumcheka. Lakini mtambo usiojua Kiswahili, au usiomngoja mwenye kigugumizi amalize, unamfaa nini? Huyo amefungiwa mlango ule ule.

Mwaka 1952 Turing alihukumiwa kwa uhusiano na mwanamume mwenzake, jambo lililokuwa kosa kwa sheria ya Uingereza wakati huo. Akalazimika kukubali kutiwa dawa za homoni ili asifungwe, na kazi za siri za serikali akanyimwa. Alifariki kwa sumu tarehe 7 Juni 1954, na miaka yake 41 tu. Msamaha wa Malkia Elizabeth wa Pili ulitoka mwaka 2013, na mwaka 2021 picha yake ikatiwa kwenye noti ya pauni 50.