Marc Bolan: Malenga Aliyezifupisha Tungo Zake

Aghalabu msanii anapobadili mtindo ili asikike na wengi, wapenzi wake wa awali humwona kuwa msaliti. Shutuma hiyo ilimwandama Marc Bolan, kiongozi wa bendi ya Uingereza iliyoitwa T. Rex. Hata hivyo, tungo zake zikichunguzwa kwa makini, hubainika kwamba alichobadili zaidi ni umbo la utunzi. Ushairi wenyewe hakuutupa.

Bolan alizaliwa tarehe 30 Septemba 1947 katika mtaa wa Hackney, London, akapewa jina la Mark Feld. Babake alikuwa dereva wa lori. Alipata gitaa lake la kwanza akiwa na umri wa miaka tisa, na shule akaiacha angali kijana mdogo. Mnamo mwaka wa 1965 alitoa santuri yake ya kwanza, The Wizard, kwa jina jipya la Bolan. Santuri hiyo haikuvuma.

Mwaka wa 1967 aliunda Tyrannosaurus Rex pamoja na mpiga ngoma Steve Peregrin Took. Bolan aliimba akiwa ameketi sakafuni na gitaa lisilo la umeme mikononi. Mtangazaji John Peel aliwapigia debe redioni, naye Tony Visconti akawa mtayarishaji wa santuri zao. Tungo za kipindi hiki zilisheheni wachawi, farasi wenye pembe moja na falme za kale. Hata anwani zilikuwa ndefu ajabu: albamu ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 1968, iliitwa My People Were Fair and Had Sky in Their Hair... But Now They're Content to Wear Stars on Their Brows. Fauka ya hayo, mwaka wa 1969 alichapisha diwani ya mashairi, The Warlock of Love. Wafuasi wake hawakuwa wengi, lakini walimwenzi kama malenga wao.

Mageuzi makubwa yalitukia mwaka wa 1970. Took alikuwa ameshaondoka na nafasi yake kuchukuliwa na Mickey Finn. Bolan alishika gitaa la umeme, akalifupisha jina la bendi kuwa T. Rex na kuanza kutunga nyimbo fupi zilizofaa santuri ndogo. Ride a White Swan ulipanda hadi nambari ya pili nchini Uingereza mapema mwaka wa 1971. Hot Love ukafuata na kukaa kileleni kwa wiki sita. Alipouimba katika kipindi cha runinga cha Top of the Pops, Bolan alijipaka vimetameta chini ya macho. Wengi hukichukulia kitendo hicho kuwa mwanzo wa roki ya glamu, mtindo ambao wanaume walivalia mavazi ya kung'aa na vipodozi jukwaani. Sehemu ndefu ya mwisho ya wimbo huo ni silabi moja tu inayorudiwarudiwa, nao umati wa vijana uliipokea kama kibwagizo chao wenyewe.

Katika mwaka huohuo Get It On ulishika nambari ya kwanza, sawa na albamu ya Electric Warrior. Peel hakuupenda wimbo huo, na urafiki wake na Bolan ukapoa. Lakini msikilizaji makini atagundua kwamba katika Get It On mpenzi anasifiwa kwa sitiari zinazochanganya vipuri vya gari, nyota na joka wa visasili vya Kigiriki. Maajabu ya tungo za awali hayakufukuzwa. Yalihamishiwa barabarani na kubanwa ndani ya mishororo michache.

Mwaka wa 1972 Telegram Sam na Metal Guru zilifika kileleni, na albamu ya The Slider ikapata nambari ya nne. Walakini, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya mwaka wa 1973 mbinu ileile ilianza kuchosha. Visconti aliondoka mwaka wa 1974, na mwaka uliofuata albamu ya Bolan's Zip Gun haikuingia kabisa katika orodha ya albamu zilizouzwa zaidi Uingereza. Huenda ufupi uliokuwa ugunduzi ulikuwa umegeuka mazoea.

Bolan hakukata tamaa. I Love to Boogie, wimbo wa takriban dakika mbili, ulimrejesha masikioni mwa watu mwaka wa 1976. Mwaka wa 1977 alitoa albamu ya Dandy in the Underworld, akazuru Uingereza pamoja na bendi chipukizi ya The Damned na kuongoza kipindi chake cha runinga, Marc.

Alfajiri ya tarehe 16 Septemba 1977, gari lililoendeshwa na mpenzi wake, mwimbaji Gloria Jones, lilipoteza mwelekeo na kugonga mti huko Barnes, London. Bolan, ambaye hakuwahi kujifunza kuendesha gari ingawa magari yalijaa katika tungo zake, alifariki papo hapo. Alikuwa amebakiza wiki mbili kutimiza miaka 30. Alimwacha mwana mmoja, Rolan, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili.

Mnamo mwaka wa 2020 T. Rex iliingizwa katika Jumba la Heshima la Roki nchini Marekani. Kwa mhakiki wa fasihi, funzo la maisha haya ni bayana: urefu wa utungo si kipimo cha uzito wake, na kibwagizo kinachoimbwa na maelfu kinastahili uchunguzi sawa na diwani iliyosomwa na wachache. Bolan alitunga vyote viwili.