Dakta Johnson na Maneno Madogo ya Kiingereza

Sisi wanafunzi wa Arusha na vijiji vya Mlima Meru husema Kiswahili, na wengine nyumbani husema Kimeru, Kimaasai au Kichagga. Lakini masomo ya sekondari twayapata kwa Kiingereza. Neno put twalijua tangu shule ya msingi. Hata hivyo, put off ni kuahirisha, put out ni kuzima moto au taa, na put up with ni kuvumilia. Maana hizo hazipatikani kwa kujumlisha neno na neno. Wengi wakishindwa hujiona kuwa hawana akili. Yafaa basi tujue habari za Dakta Samuel Johnson, Mwingereza aliyekiri ugumu huo zamani sana.

Johnson alizaliwa Septemba 1709 katika mji wa Lichfield, Uingereza. Baba yake alikuwa muuza vitabu asiyefanikiwa sana. Utotoni aliugua ugonjwa wa tezi za shingo uliomwachia makovu na macho dhaifu. Hata hivyo alisoma bila kuchoka vitabu vya dukani mwa baba yake. Mwaka 1728 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford, lakini baada ya miezi 13 hivi alirudi nyumbani kwa kukosa fedha, wala hakupata digrii. Alifungua shule, ikafa kwa uchache wa wanafunzi. Mwaka 1737 akaenda London kutafuta riziki kwa kalamu.

Mwaka 1746 wauza vitabu wa London walipatana naye atunge kamusi ya Kiingereza kwa paundi 1,575. Alitumaini kuimaliza kwa miaka 3; ilimchukua karibu miaka 9. Alifanya kazi pamoja na makarani 6 katika chumba cha juu kabisa cha nyumba yake, chini ya paa. Johnson alisoma vitabu vya waandishi wazuri, akatia alama kwenye neno na sentensi yake, na makarani wakanakili katika vipande vya karatasi. Hakutaka kukisia maana. Alilitazama neno likiwa kazini. Gharama zilikula fedha zile, na mwaka 1752 mkewe akafariki. Lakini kazi hakuiacha.

Kamusi ilitoka Aprili 1755, vitabu 2 vikubwa vyenye maneno zaidi ya 42,000. Katika dibaji Johnson alieleza kwamba Waingereza huunga kitenzi na neno dogo hata maana ikageuka kabisa, na kwamba jambo hilo ndilo huwataabisha wageni kuliko mengine. Kwa hiyo alizikusanya semi hizo kwa uangalifu mkubwa, ingawa alikiri kwamba hakuweza kuzimaliza. Neno take peke yake alilipa maana 134.

Sifa zilikuja kabla ya fedha. Mwaka 1756 alikamatwa kwa deni lisilofika paundi 6, akaokolewa na rafiki. Mwaka 1762 ndipo Mfalme George wa Tatu alipomwekea paundi 300 kila mwaka. Francis Barber, kijana mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaica, aliishi naye kama mtumishi huru. Johnson alimlipia masomo, na katika wasia akamwachia sehemu kubwa ya mali yake. Alifariki tarehe 13 Desemba 1784, akazikwa Westminster Abbey.

Nchini kwetu nako alitokea Johnson mwingine, Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa kamati ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 1930. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa chini ya jina lake mwaka 1939 ilizipanga semi hizo chini ya vitenzi vyake pamoja na maana za Kiswahili.

Wala Kiswahili chetu si chepesi kwa mgeni. Akishajua kwamba kupiga ni kuchapa kwa mkono au fimbo, atashangaa kusikia kwamba mtu amepiga pasi, amepiga simu, amepiga magoti na amepiga chafya. Hatumwiti mjinga, twamwambia asikilize na kuzoea. Basi na sisi tujihurumie vivyo hivyo.

Ndugu zangu wa Kidato cha Nne, mtihani wa taifa u karibu. Tusikariri maneno matupu. Kila mmoja awe na daftari dogo, na kila aonapo kitenzi kimeungana na up, off au out, aandike sentensi nzima alimokiona, kisha atunge yake mwenyewe. Maneno 2 kwa siku ni zaidi ya 700 kwa mwaka. Dakta Johnson, aliyekuwa maskini na mwenye macho mabovu, hakutumia njia nyingine. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.