Otto Lilienthal, fundi aliyejifunza kuruka kwa korongo

Watu wengi wanajua majina ya Wilbur na Orville Wright, ndugu wawili Wamarekani walioruka kwa avio yenye moteri mwaka wa 1903. Wachache wanamjua Otto Lilienthal, fundi Mjerumani aliyewafungulia njia na kulipa kwa uhai wake.

Lilienthal alizaliwa tarehe 23 Mei 1848 katika mji mdogo wa Anklam, kaskazini mwa Ujerumani ya leo. Baba yake alikufa Otto akiwa bado mtoto, na mama akabaki kulea familia. Otto na mdogo wake Gustav walipenda kuwatazama korongo weupe, wale wanaohamia Afrika kila mwaka kukimbia baridi ya Ulaya. Wakiwa wavulana walijitengenezea mabawa na kujaribu kuruka, bila kufaulu.

Otto alisomea ufundi wa mitambo mjini Berlin, kisha akafungua kiwanda cha mitambo ya mvuke. Mwaka wa 1890 alianza kuwagawia wafanyakazi wake robo ya faida ya kiwanda. Faida hiyo ndiyo pia iliyogharimia mabawa yake.

Wakati huo, wengi waliotaka kuruka walibahatisha tu. Lilienthal aliamua kupima kwanza. Alijenga mkono mrefu wa kuzunguka, akaweka mwishoni vipande vya bawa vya maumbo mbalimbali, akapima nguvu ambayo hewa ilitia juu ya kila kipande. Aliona kwamba ubao ulionyooka unabeba uzito mdogo, lakini bawa lililopinda kidogo, kama la korongo, linabeba zaidi sana.

Sababu ni hii: hewa inafuata mgongo wa bawa na kutoka nyuma ikielekea chini. Bawa linaposukuma hewa chini, hewa nayo inalisukuma bawa juu. Kwa hiyo mgandamizo wa hewa unapungua juu ya bawa na kuwa mkubwa zaidi chini yake. Avio za leo zinabebwa na kanuni hiyohiyo. Lilienthal alichapisha vipimo vyake katika kitabu mwaka wa 1889.

Mwaka wa 1891, kijijini Derwitz, alianza kuruka yeye mwenyewe kwa mabawa ya fito na kitambaa cha pamba, bila moteri. Safari za kwanza zilifika metre 25 hivi. Mwaka wa 1894 alijenga kilima cha udongo chenye urefu wa metre 15 huko Lichterfelde, karibu na Berlin, ili aruke upepo ukitoka upande wowote. Kwenye vilima vya Rhinow alifika hata metre 250. Kwa jumla aliruka mara 2000 hivi, na picha zake zilienea duniani.

Lakini shida moja ilibaki. Alikuwa akining'inia katikati ya mabawa, na ili kuyaongoza alirusha miguu mbele, nyuma ao kando. Upepo mkali ukija ghafula, uzito wa mwili haukutosha kuyarudisha sawa. Tarehe 9 Agosti 1896, kwenye kilima cha Gollenberg, karibu na Stölln, upepo uliinua mabawa yake na yakasimama hewani. Bawa likiinuka kupita kiasi na kukosa mwendo, hewa haifuati tena mgongo wake, na nguvu ya kubeba inapotea. Alianguka kutoka metre 15 hivi, akavunjika uti wa mgongo. Alikufa kesho yake mjini Berlin akiwa na miaka 48. Aliacha mke wake, Agnes, na watoto wanne.

Habari za kifo hicho zilifika Marekani na kuamsha hamu ya ndugu Wright. Wao walianza na vipimo vyake, wakapima tena wenyewe, lakini swali lao kubwa lilikuwa lile lililomuua: namna gani ya kuongoza mabawa hewani. Walijibu kwa kukunja ncha za mabawa, namna walivyoona ndege wakifanya. Tarehe 17 Desemba 1903 avio yao iliruka sekunde 12.

Kilima cha Lichterfelde kingali pale, sasa kikiwa ukumbusho wake, na mji wa Anklam una makumbusho yenye jina lake.