Mswaki wa Balozi Kirk

Mtu wa Unguja akitajiwa John Kirk hukumbuka mkataba wa tarehe 5 Juni, 1873, uliofunga soko la watumwa. Wachache wajuao kuwa bwana huyu, kabla ya ubalozi, alikuwa tabibu na mchuma majani.

Alizaliwa Uskochi mwaka 1832, akasomea utabibu Edinburgh. Mwaka 1858 aliingia katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi, kazi yake ikiwa mimea. Kila ua alilibana baina ya karatasi, akalikausha, akaandika limechumwa wapi na lini. Kazi ya subira hiyo, maana unyevu ukipenya yote huoza. Mwaka 1860 mtumbwi wake ulipinduka katika maporomoko ya Kebrabasa. Mwenyewe alinusurika, lakini maandishi na michoro yake ya miti ya matunda ya bara ilikwenda na maji.

Mmea mmoja ulimpa sifa. Wenyeji wa bonde la Shire, Malawi ya leo, walipaka mishale yao sumu waliyoiita kombe, itokanayo na mbegu za mmea utambaao wenye maua ya mikia mirefu. Kirk aliitia sumu ile mfukoni pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni, kisha mapigo ya moyo yakapungua. Mwengine angetema akasahau. Yeye alitambua, kwa utabibu wake, kuwa hapa pana jambo. Majani yake makavu yalifika bustani ya Kew, London, na mwaka 1870 mmea ukapewa jina la kitaalamu, Strophanthus kombe. Baadaye Profesa Fraser wa Edinburgh akatoa humo dawa ya moyo.

Unguja alifika 1866, akiwa tabibu wa ubalozi, na Mbweni akawa na bustani yake. Hata mtoria, ambao watoto wetu hula matunda yake na utomvu wake ukawa biashara kubwa ya mpira, kitaalamu waitwa Landolphia kirkii.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Mkataba ule Seyyid Barghash aliutia saini baada ya kutishiwa kuzingirwa na manowari. Na Wajerumani walipoitwaa bara mwaka 1885, Seyyid hakupata msaada kwa rafiki yake huyo, kwani London ilikwisha amua.

Kirk aliondoka Unguja 1886, akafa Uingereza Januari 1922. Majani aliyoyakausha yangaliko Kew, yamebandikwa karatasini, kila moja na jina la mahali lilipochumwa.